Klabu ya masomo baada ya vipindi: namna ya kuiendesha vijana waje bila kusukumwa

Saa tisa alasiri mwanafunzi wa kidato cha pili ana njaa, amekalia kiti kile kile tangu asubuhi, na karibu kila alichofundishwa kutwa nzima kimefundishwa kwa Kiingereza, lugha aliyoanza kusomea masomo yote mwaka mmoja tu uliopita. Ukimwongezea hapo saa moja na nusu ya somo jingine la ubaoni, hata ukilipamba kwa nyimbo na vichekesho, atakuja wiki mbili halafu utamsikia yuko uwanjani. Kinachomchosha ni kumsubiri mtu mzima atoe jibu alilokuwa nalo mfukoni tangu mwanzo.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuanzisha au kufufua klabu ya masomo baada ya vipindi katika sekondari ya kata ya kawaida nchini Tanzania: maabara haina vifaa, umeme ni wa kubahatisha, wanafunzi ni 25 hadi 30, na waongozaji ni wawili, pengine mwalimu mmoja na mwanachuo aliye likizo. Kanuni inayobeba mambo yote hapa chini ni hii: tafuta swali ambalo jibu lake litatolewa na kitu kilichopo mikononi mwa vijana, kisha wewe kaa pembeni.

Kabla ya siku ya kwanza

Usipange siku kwa kuangalia ratiba ya shule peke yake. Waulize wanafunzi wanakwenda wapi wakitoka. Pwani wengi wana chuo cha Kurani alasiri. Ijumaa isahau kabisa. Vijijini wasichana wanasubiriwa kisimani na wavulana malishoni. Mjini tatizo ni daladala, kwa kuwa kadiri jioni inavyokaribia abiria wanaongezeka, na konda anayelipwa nauli ndogo kwa mwanafunzi huwa wa kwanza kumwambia ashuke. Siku mbili kwa wiki zinatosha. Anza saa tisa kamili, maliza saa kumi na nusu kamili. Usipitilize hata kama mambo yamenoga. Msichana anayetembea saa nzima lazima awe nyumbani jua halijazama, na akichelewa mara moja tu, mzazi hatamruhusu tena, naye atakuwa na haki.

Barua kwa mzazi iandikwe kwa Kiswahili, isizidi ukurasa mmoja: siku, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, nani anasimamia, na kama kuna malipo. Tangu ada ya sekondari za serikali ilipofutwa mwaka 2016, mzazi anayeona neno "klabu" huhisi ni mchango unaingia kwa mlango wa nyuma. Kama hakuna malipo, liandike hilo katika sentensi ya kwanza. Kama kuna mchango wa uji, upite kwa mkuu wa shule na kamati ya wazazi, kamwe usikusanywe mkononi na mwongozaji.

Na uji uwepo. Wenye njaa hawachangamki, utabaki unawalaumu kwa uvivu. Kwa watu 30, kikombe cha robo lita kila mmoja, unahitaji maji lita 8, unga kilo moja na sukari nusu kilo. Unga ukorogwe kwanza na maji baridi ndipo umiminwe kwenye maji yanayochemka. Ukiumwaga mkavu utapata mabonge, na vijana watakumbuka mabonge kuliko fizikia. Moto uwashwe kabla ya saa nane, kwa sababu sufuria hiyo juu ya kuni haina haraka. Siku ambayo uji umeshindikana, mihogo ya kuchemsha au karanga zinafaa. Ndoo ya maji ya kunywa ya lita 20 yenye koki isikosekane.

Jambo la mwisho kabla ya kuanza ni mahali. Kama kuna mwembe, nenda chini ya mwembe. Darasa lile lile lenye ubao ule ule linawarudisha vijana kwenye tabia ya darasani: kunyamaza, kunakili, kusubiri kengele. Ukilazimika kuwa ndani kwa ajili ya mvua, geuza madawati yatazamane, na wewe usisimame mbele. Mwalimu aliyeshika fimbo saa nne asubuhi hawezi kugeuka rafiki saa tisa kwa kutabasamu tu, lakini akikaa kwenye benchi moja nao, akashika kikombe chake cha uji, kitu fulani hulegea.

Vikundi na dakika 90

Wanne wanne. Wakiwa sita, wawili watakuwa watazamaji. Wakiwa wawili, mmoja akikosa kuja kazi imekufa. Changanya kidato cha kwanza na cha pili, wasichana na wavulana, na usiwaache wachague wenyewe siku ya kwanza. Kila mmoja ndani ya kikundi apewe namba, moja hadi nne. Namba hizo ndizo kinga yako dhidi ya ugonjwa mkubwa wa kila chemshabongo: wajanja watatu kujibu kila kitu huku wengine wakipiga makofi. Uliza swali, wape sekunde 40 wajadili kikundini, kisha taja namba. "Namba tatu!" Namba tatu wa kila kikundi ndiye anayejibu, awe nani. Kwa kuwa hawajui namba ipi itaitwa, yule mjanja hulazimika kumwelewesha mwenzake, tena kwa haraka, na kwa Kiswahili anachokielewa. Hakuna mbinu nyingine rahisi kama hii inayofanya kazi kubwa kiasi hicho.

Dakika 15 za kwanza ni za uji na maneno yao. Usizipunguze. Zifuatazo 15 ni za mchezo mfupi, kama vitendawili au ishirini na nne, tutakavyoeleza. Dakika 40 ni za kazi yenyewe, moja tu kwa siku. Dakika 15 vikundi vinaonyeshana matokeo, na tano za mwisho ni za kufagia, kurudisha vifaa na kutangaza swali la kikao kijacho. Swali hilo litangazwe bila jibu. Wakiondoka wanabishana njiani, Alhamisi watarudi.

Kikao kimoja kwa ukaribu: jiwe na uzi

Tunakieleza hiki kwa kirefu kwa sababu ni rahisi, hakina hatari, na makosa yake ndiyo yanayofundisha.

Kila kikundi kinahitaji uzi wa mita 1.2 usiovutika (wa katani au wa kufumia mikeka ni bora kuliko nailoni laini), jiwe la ukubwa wa yai na jingine dogo kama nusu yake, rula, vipande viwili vya mbao au rula mbili za kubania uzi ukingoni mwa meza, na saa. Kwa kuwa shule nyingi haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, weka simu yako mezani ikionyesha sekunde zinazokimbia bila kusimama. Kila kikundi kiandike sekunde ya kuanza na ya kumaliza, kisha kitoe.

Funga jiwe, libembeze mbele yao, uliza: "Nikitaka hili liende polepole zaidi, nibadilishe nini?" Watasema uzito wa jiwe. Watasema nguvu ya kulisukuma. Mmoja atasema urefu wa uzi. Andika yote matatu kwenye manila, piga kura, andika idadi ya kura mbele ya kila wazo. Mara nyingi uzito ndio unaoongoza. Usikunje uso wala usitabasamu. Kijana wa miaka 15 anasoma uso wa mwalimu vizuri kuliko anavyosoma kitabu, na akishaona jibu usoni mwako, jaribio limekwisha kabla ya kuanza.

Kisha:

1. Banieni uzi ili kutoka pale ulipobanwa hadi katikati ya jiwe iwe sentimita 25. Vuta jiwe kidogo pembeni, upana wa vidole vitatu, uliachie bila kulisukuma. Hesabuni kwenda na kurudi mara 10.
2. Rudieni kwa jiwe dogo, urefu ule ule.
3. Rudieni kwa jiwe kubwa, mkilivuta mbali kidogo zaidi ya awali.
4. Sasa ongezeni uzi: sentimita 50, halafu 100.

Matokeo ya kutarajia: sentimita 25 huchukua takribani sekunde 10 kwa mara 10. Sentimita 50 ni sekunde 14 na ushee. Mita moja ni sekunde 20. Uzito haubadilishi kitu. Kwa hiyo kura zilizoshinda zimeshindwa, na aliyeshinda ni yule mmoja aliyesema uzi, ambaye mara nyingi ni kimya kimya wa kidato cha kwanza. Na kuna la pili, ambalo usiliseme; ngoja walione: uzi umeongezwa mara nne, muda umeongezeka mara mbili tu.

Sasa yanayoharibika. Kikundi kimoja, bila shaka, kitapata sekunde tisa badala ya kumi. Sababu ni kwamba mhesabuji ametamka "moja" pale alipoliachia jiwe, kwa hiyo alipofika "kumi" jiwe lilikuwa limekwenda na kurudi mara tisa. Kuachia ni sifuri. Usiwaambie. Waambie wamtume mtu mmoja akawatazame jirani wanavyohesabu. Akirudi na habari, utasikia kelele zao, na kosa hilo hawatalirudia hata kwenye mtihani wa vitendo. Kosa jingine ni kupima uzi hadi juu ya jiwe na kusahau jiwe lenyewe. Kwa sentimita 25, jiwe la ukubwa wa yai linaongeza mbili au tatu, na jibu linasogea. Wengine watafunga uzi kwenye msumari, uzi ukawa unajizungusha na kujifupisha kidogo kila unapokwenda. Ndiyo maana tunaubana kati ya mbao. Jiwe likianza kuzunguka kama pia, aliyeliachia alilisukuma. Na wakilivuta mbali mno, hadi karibu na usawa wa meza, muda utarefuka kweli, na hapo watakuja wakisema mwongozo umekosea. Wapongeze. Wameona jambo ambalo vitabu vingi vya kidato hicho hulipitia kwa maneno mawili tu: "pembe ndogo".

Dakika kumi za mwisho za kazi hiyo toa changamoto. Kila kikundi kikisie urefu wa uzi utakaotoa sekunde 15 kamili kwa mara 10, kiandike kwenye karatasi, kiikunje, kikuletee. Fungua mbele ya wote, jaribuni kimoja kimoja. Jibu liko karibu na sentimita 56. Wapo watakaosema 62 au 63 kwa kuwa wamechukua katikati ya 25 na 100. Waulize mbona 50 haikutoa 13. Kikundi kilichochora grafu kwa chaki sakafuni ndicho kitakachokaribia, na kuanzia siku hiyo utaona grafu zinachorwa bila kuombwa.

Vitendawili vya somo

Hiki ndicho kiburudisho cha bei nafuu kuliko vyote, na vijana hawakihesabu kuwa cha kitoto maadamu wao ndio wanaotunga. Utaratibu ni ule wa nyumbani: "Kitendawili!" "Tega!" Wakishindwa, mtegaji anaomba mji, anapewa, anakwenda nao, anasimulia alichokikuta huko, kisha anatoa jibu. Usikate sehemu ya mji. Kijana anayeogopa kusimama mbele ya watu atasimama kwa ajili ya kupewa Zanzibar.

Waonyeshe mifano mitatu au minne halafu waachie:

Mpishi wangu hapiki usiku. — Jani la kijani.

Basi limesimama, mimi bado nasafiri. — Inesha (tabia ya kitu kuendelea na mwendo wake).

Ameondoka bila kuaga, nguo zangu zimekauka. — Maji yaliyofanyika mvuke.

Nikikaa juu hamna neno, nikikaa chini hesabu imeharibika. — Sifuri kwenye sehemu.

Huu wa mwisho unafaa kuutazama kwa makini, kwa kuwa ukimwomba mwanafunzi aeleze kwa nini sifuri juu haina neno na chini inaharibu, umepata somo zima la kugawanya bila kuandika kichwa cha somo. Kanuni ya kutunga iwe hivi: kitendawili lazima kiwe cha kweli kisayansi. Kikundi kingine kina haki ya kupinga. Mtu akisema "Mpishi wangu hapiki usiku" halafu mwenzake akauliza kama jani likimulikwa na taa usiku litapika au halitapika, nyamaza uwasikilize.

Wasizidi vitendawili sita kwa siku. Cha saba huwa cha kulazimisha.

Ishirini na nne

Kata manila vipande 36, andika 1 hadi 9, kila namba mara nne. Karata halisi zingefaa pia, lakini kuna wazazi na viongozi wa dini wanaozihesabu kuwa kamari, na hakuna sababu ya kuanzisha ugomvi huo. Funua vipande vinne. Kikundi kitumie namba zote nne, kila moja mara moja, kwa kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na mabano, kipate 24.

Namba 1, 2, 3, 4 ni rahisi: zizidishe zote. Namba 2, 3, 5, 7: saba mara tatu, ongeza tano, toa mbili. Hapa ndipo MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa), waliyoikariri tangu shule ya msingi, inapopata kazi kwa mara ya kwanza. Jibu lililoandikwa bila mabano panapohitajika halihesabiwi, na vikundi pinzani vitalisimamia hilo kwa ukali kuliko mwalimu yeyote.

Zipo namba zisizowezekana, kama 1, 1, 2, 2. Waambie mapema kwamba zipo. Kikundi kikisema "haiwezekani", kipate alama mbili kikiweza kuthibitisha, kwa mfano kwa kuonyesha kwamba kubwa kuliko zote unayoweza kupata hapo ni 9. Kwa mwanafunzi anayejiona amemaliza hesabu zote duniani, mwekee 3, 3, 8, 8 na umwache nazo hadi wiki ijayo. Inawezekana: nane gawanya kwa tatu, toa jibu hilo kwenye tatu, kisha nane ya pili igawanye kwa kilichobaki. Usimpe dokezo, litamharibia wiki yake.

Malimau na kitaa

Kuna jaribio ambalo kila mtu ameliona kwenye simu na karibu kila mtu analifanya vibaya. Limau moja, msumari wa kuezekea bati (ule uliopakwa zinki) na kipande cha waya wa shaba uliomenywa hutoa kama volti 0.9. Kitaa chekundu cha LED kinataka kama 1.8 kuanza kuwaka. Kwa hiyo limau moja halitoshi kamwe, mawili ni ya bahati, unganisha matatu au manne kwa mfululizo: shaba ya hili kwa msumari wa lile. Mguu mrefu wa LED uende upande wa shaba. Usitumie balbu ya tochi ya kizamani. Haitawaka hata kwa kapu zima, maana malimau yanatoa mkondo mdogo sana, na hilo lenyewe ni swali zuri la kuwaachia wakaenda nalo nyumbani.

Lisipowaka, fuateni mfuatano huu: LED imegeuzwa? Msumari na shaba vimegusana ndani ya limau? Limau limeviringishwa kwa kiganja kabla ya kuchomwa, ili maji yatoke kwenye vifuko? Msumari ni wa bati kweli, au ni wa mbao usio na zinki? Wafunike kitaa kwa viganja wachungulie, kwa kuwa mwanga wake ni hafifu na mchana wa jua hauonekani. Na malimau hayo yasiliwe wala kukamuliwa kwenye chai, yana zinki.

Kama hakuna LED, fanyeni jaribio jingine, la kutambua asidi na besi kwa binzari ya manjano. Kijiko cha chai kwenye spiriti kidogo, chovya vipande vya karatasi nyeupe, anika. Karatasi itageuka nyekundu-kahawia kwenye maji ya sabuni, magadi au majivu, na itarudi manjano ukidondoshea ndimu. Waache walete vitu kutoka nyumbani wapime. Spiriti ikae mbali na jiko la uji.

Kiingereza bila aibu

Hapa ndipo klabu nyingi hufa. Mtu anaweka sheria kwamba anayeongea Kiswahili anapigwa faini, na matokeo yake ni kimya. Nusu ya watoto hawatasema neno hadi muhula uishe. Fanya kinyume. Kufikiri, kubishana na kuuliza kuwe kwa Kiswahili. Sentensi ya mwisho, moja tu, ile ya kuandika kwenye manila ya matokeo, ndiyo iwe ya Kiingereza, na kikundi kizima kiijenge pamoja.

Mdahalo ufanyike, ila ongeza kanuni ya "neno!" Msemaji akikwama anapaza sauti, "neno!", anataja kwa Kiswahili anachotaka kusema, na yeyote, hata mpinzani, anampa Kiingereza chake. Haipunguzi alama. Dakika moja na nusu kwa kila msemaji, na pande zigawiwe kwa kuokota karatasi, si kwa kuchagua. Hoja iwe ya maisha yao: simu shuleni, bodaboda kubeba wanafunzi watatu, nani aoshe vyombo nyumbani. Hoja ya "elimu ni bora kuliko mali" imekwisha utamu siku nyingi.

Kitu kingine kidogo chenye faida kubwa kwenye upimaji wa kidato cha pili: wanafunzi wengi wanajua jibu lakini hawajui swali linataka nini. Chukua mada moja, mfano kutu, na uandike maswali matatu yanayoanza na state (taja), explain (eleza) na distinguish (tofautisha). Kila kikundi kijibu moja bila kuonyesha swali, wengine wabahatishe neno lililoanza swali kwa kusoma jibu tu. Dakika kumi zinatosha, na utashangaa wangapi hueleza pale walipotakiwa kutaja tu.

Yanayoharibu raha

Zawadi. Biskuti na madaftari hufanya kazi wiki tatu, halafu siku hazipo unaambiwa "leo hakuna kitu?" Mpe mshindi madaraka: kikundi kilichoshinda kinatunga maswali matano ya kuwauliza waongozaji mbele ya wote. Hakuna wanachokipenda kama kumwona mwalimu akikwama, basi kwama kweli unapokwama.

Mwandishi. Angalia nani ameshika kalamu. Katika vikundi mchanganyiko msichana mwenye mwandiko mzuri hugeuzwa karani, na mvulana ndiye anayeshika waya. Kila kikao kazi zizunguke kwa namba: moja anapima, mbili anahesabu, tatu anaandika, nne anaeleza mwishoni.

Kejeli. Wewe usimcheke aliyekosea, hata kwa utani wa mapenzi. Kijana wa umri huo hasahau. Wenzake wakicheka, usihubiri. Uliza tu, "Nani mwingine alifikiri hivyo hivyo?" na unyooshe mkono wako mwenyewe kwanza.

Kunoga mno. Mchezo usimamishwe ukiwa bado mtamu, dakika mbili kabla hawajachoka. Ukisubiri waseme "basi", wiki ijayo hawataucheza.

Kupima kama inafaa

Wiki mbili za kwanza wanakuja kwa udadisi na uji, kwa hiyo mahudhurio yake hayakuambii kitu. Tazama wiki ya sita, hasa siku ya mechi au ya mvua. Kwenye daftari la klabu andika mambo mawili kila kikao: wangapi walifika, na maswali mangapi yaliulizwa na wanafunzi bila kuombwa. Namba ya pili ikikaa sifuri vikao vitatu mfululizo, umerudi kufundisha bila kujua. Panga kikao kijacho ambacho hutasema zaidi ya dakika tano.

Mwisho wa kila mwezi wape karatasi zisizo na majina zenye maswali mawili: kipi kirudiwe, kipi kifutwe. Wakikifuta kile ulichokipenda wewe, kifute.

Sanduku

Vifaa vyote vinaingia kwenye sanduku moja la bati: nyuzi, mawe manane makubwa na manane madogo, vipande 36 vya namba, LED kumi (zinaungua, weka za akiba), misumari ya bati, waya, rula, makapeni, manila, selotepu, binzari kwenye chupa, daftari. Orodha ibandikwe ndani ya kifuniko na ihakikiwe kila jioni kabla ya kufunga.

Ufunguo wapewe wanafunzi wawili, mmoja wa kidato cha kwanza na mmoja wa pili. Ukikaa na mwalimu, siku aliyoitwa kwenye kikao wilayani klabu haitakuwepo. Ukikaa nao, saa tisa utakuta sanduku limeshafunguliwa chini ya mwembe na mtu anagombana na mwenzake kuhusu 3, 3, 8, 8.